Kutoka Mwihoko hadi Faza: juma moja la kuifuata mipaka ya wadi

Safari hii niliifanya mwezi Machi 2024, lakini nimeiandika sasa, baada ya makamishna wapya wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka kuapishwa tarehe 11 Julai 2025 na suala la mipaka kurudi vinywani mwa watu. Nilichonacho ni daftari moja, picha mia mbili na ushei kwenye simu, na ramani ya wadi, yaani zile sehemu ndogo za eneobunge ambazo kila moja humchagua mwakilishi wake katika bunge la kaunti, niliyoichapisha kwenye karatasi nne na kuziunganisha kwa gundi. Nilifundisha jiografia katika shule za upili hadi nilipostaafu, na kwa miaka hiyo yote niliichora Kenya ubaoni kwa chaki bila kuwahi kuufuata mpaka wa wadi hata mmoja kwa miguu yangu. Nilitaka kwenda kutoka wadi iliyofurika watu, Mwihoko karibu na Nairobi, hadi wadi iliyotawanyika baharini, Faza katika Kaunti ya Lamu, na kuwauliza wakazi wa pande zote mbili jambo moja: mwakilishi wako anakufikia?

Sheria yenyewe ni rahisi kuieleza. Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 kinaweka maeneobunge 290, na kinataka kila moja liwe na idadi ya watu inayokaribia wastani wa nchi, yaani idadi ya watu wote wa Kenya igawanywe kwa 290. Kuzidi au kupungua kunaruhusiwa, lakini kusivuke asilimia 40 katika miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Tume inatakiwa pia kutazama hali ya nchi, njia za mawasiliano, na uhusiano wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni wa jamii. Mipaka ya maeneobunge hupitiwa upya kila baada ya miaka isiyopungua minane na isiyozidi kumi na miwili. Mara ya mwisho kazi hiyo ilikamilika tarehe 6 Machi 2012. Kwa hiyo, katika juma nililosafiri, miaka kumi na miwili ilikuwa inatimia, na tume ilikuwa haina kamishna hata mmoja tangu Januari 2023.

Siku ya kwanza, Jumatatu 4 Machi: Githurai na Mwihoko

Nilianzia karibu na nyumbani. Chini ya barabara kuu ya Thika, pale Githurai, mtu huvuka kutoka kaunti moja hadi nyingine bila kujua. Upande mmoja ni Githurai 44, ulio katika Kaunti ya Nairobi. Upande wa pili ni Githurai 45, ulio katika Kaunti ya Kiambu, eneobunge la Ruiru. Majina yenyewe ni namba za matatu. Hakuna ukuta wala mto unaozigawa, na msongamano wa watu asubuhi ni mmoja.

Mama mboga mmoja aliyekuwa akipanga mafungu ya sukuma wiki aliniambia kwamba analala 44 na kuuza 45. Kila siku hulipa ushuru wa soko kwa kaunti ambayo hana kura ndani yake, na kila baada ya miaka mitano humpigia kura mwakilishi ambaye hana mamlaka juu ya soko lake. "Mwalimu, mimi nikitaka taa hapa sokoni niende kwa nani?" aliniuliza, naye hakuwa akitania. Nilimjibu kwamba mpaka wa kaunti hauko mikononi mwa tume ya uchaguzi, kwa kuwa Kifungu cha 188 kinataka tume huru maalumu na theluthi mbili ya kura katika mabunge yote mawili. Nilipomaliza kueleza niliona jinsi jibu langu lilivyokuwa refu mbele ya swali lake fupi.

Kutoka hapo nilipanda matatu kwa shilingi 50 kuelekea Mwihoko. Nyumba za ghorofa sita na saba zimesimama bega kwa bega mahali nilipopajua miaka ya tisini kama mashamba na vichaka. Katika ofisi ya wadi mojawapo ya sehemu hizi nilikuta foleni ya wazazi waliokuja kuchukua fomu za basari. Nilihesabu watu 140 kisha nikaacha, kwa kuwa foleni ilikunja kona. Ilipofika saa sita kijana aliyekuwa mlangoni alitangaza kwamba fomu zimekwisha. Baba mmoja, fundi wa mabomba ambaye suruali yake ilikuwa bado na saruji ya kazini, aliikunja barua ya shule mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati na kuufunga mfuko kwa kifungo. Alikuwa amekosa kibarua cha siku hiyo. Nilimuuliza kama amewahi kumwona mwakilishi wa wadi yake ana kwa ana. Alisema amemwona kwenye mabango.

Jioni nilipiga hesabu. Sensa ya 2019 iliihesabu Kenya kuwa na watu 47,564,296. Ukiwagawanya kwa wadi zote 1,450 za nchi, kila wadi inapata wastani wa watu 32,803. Kaunti ndogo ya Ruiru ilikuwa na watu 371,111, na eneobunge lake lina wadi nane: Gitothua, Biashara, Gatongora, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani, Kiuu, Mwiki na Mwihoko. Hiyo ni sawa na watu 46,389 kwa kila wadi. Ukiupa wastani wa nchi nafasi yote ya asilimia 40, kikomo cha juu ni 45,924. Maana yake ni kwamba hata ukizipanga upya wadi hizo nane kwa usawa kamili, mtu kwa mtu, zote nane zitakuwa zimevuka kikomo. Kusogeza mistari ndani ya Ruiru hakuwezi kuwasaidia watu wa Ruiru; wanahitaji wadi zaidi.

Siku ya pili, Jumanne 5 Machi: Mombasa

Treni ya SGR, daraja la kawaida, shilingi 1,500. Nilifika Mombasa jioni, nikalala katika nyumba ya wageni karibu na Mwembe Tayari kwa shilingi 1,400.

Kwa atakayesafiri baadaye: nauli ya treni ilipandishwa kutoka 1,000 mwanzoni mwa 2024, na tiketi huisha mapema siku za karibu na sikukuu. Tiketi ya basi la Lamu ikatwe jioni ya kuamkia safari, si asubuhi, na kitambulisho asilia kiwe mfukoni, si ndani ya begi lililo kwenye buti. Utakitoa mara nyingi.

Siku ya tatu, Jumatano 6 Machi: barabara ya Lamu

Basi liliondoka saa moja asubuhi, nauli shilingi 1,500, na tulitarajia kufika Mokowe saa tisa alasiri. Kutoka Mombasa hadi huko ni yapata kilomita 340. Tulipita Kilifi vizuri, lakini kabla ya Malindi mkanda wa injini ulikatika, na tukakaa chini ya mwembe kwa saa tatu kasorobo tukingoja mwingine uletwe. Mama mmoja aliyekuwa akirudi Faza kutoka kumuuguza bintiye alifungua kikapu chake, akatugawia mahamri na mbaazi zilizokuwa bado na vuguvugu, akisema kwamba chakula cha safari kikiliwa na mmoja hakishibishi. Tulikuwa watu saba tuliokula kwenye kikapu kile. Nilipomweleza safari yangu alicheka kwanza, kisha akanitazama na kuniuliza kama ni kweli kwamba serikali inataka kuliondoa eneobunge lao.

Swali hilo nililisikia mara nyingi baadaye, na lina msingi. Katiba ilipopitishwa, kifungu cha mpito kililinda maeneobunge yote yaliyokuwapo yasipotee katika upitiaji wa kwanza, hata yale ambayo idadi yake ya watu haikufikia kiwango. Ulinzi ule ulikuwa wa mara ya kwanza tu. Lamu Mashariki, eneobunge la mama huyu, lilikuwa na watu 18,841 katika sensa ya 2009, wakati wastani wa nchi ulikuwa 133,138. Sensa ya 2019 iliwapata watu 22,258, na wastani sasa umefika 164,015. Eneobunge zima la Lamu Mashariki, pamoja na visiwa vyake na msitu wake hadi mpaka wa Somalia, lina watu wachache kuliko wadi moja ya wastani nchini, na ni chini ya nusu ya wadi moja ya Ruiru. Kwa hesabu ya vichwa peke yake hakuna namna ya kulitetea. Nilikaa chini ya mwembe ule na takwimu hizo daftarini, huku mwenye eneobunge hilo akinisogezea hamri la pili.

Baada ya Malindi nchi inafunguka. Garsen, kisha Minjila, ambako barabara inaachana na ile ya Garissa, kisha nyanda za Mto Tana ambazo mafuriko yakija huikata barabara na kuitenga Lamu na bara. Vizuizi vya usalama ni vingi kuanzia hapo. Kila kizuizi tulishuka, tukapanga mstari, tukaonyesha vitambulisho, tukatembea hatua mia moja, tukapanda tena. Askari walikuwa na adabu, nasi tulijua sababu ya vizuizi hivyo: mashambulizi ya miaka iliyopita. Witu, Mkunumbi, kisha Hindi zilipita gizani.

Tulifika Mokowe saa mbili kasoro usiku. Boti za abiria za kuvukia kisiwani Lamu zilikuwa zimekwisha. Fundi mmoja wa majahazi wa Matondoni, aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma yangu siku nzima pasipo kusema neno, alikusanya abiria tisa tuliosimama gatini tukiwa hatujui la kufanya, akampigia simu jamaa yake mwenye boti, na akasimamia bei mpaka ikawa shilingi 300 kwa kila mtu badala ya 500. Aliwavusha wote, akahakikisha yule mama na mimi tumepata mahali pa kulala, kisha akaondoka kwa mguu kuelekea kwake bila kukubali hata pesa za soda. Usiku ule, nikiwa Mkomani, niliandika mstari mmoja tu: leo miaka kumi na miwili imetimia.

Siku ya nne, Alhamisi 7 Machi: Lamu hadi Faza

Saa mbili asubuhi nilikuwa gatini, lakini nahodha wa boti ya Faza alitwambia tupumzike. Maji yalikuwa yamepwa, na upande wa Faza gati linakauka kiasi kwamba boti iliyojaa haiwezi kukaribia. Tungeondoka yakianza kujaa. Hakuna ratiba iliyobandikwa ukutani. Ratiba ni mwezi. Juma lile lilikuwa la mwisho kabla ya mwezi mwandamo wa Ramadhani, na kila aliyekuja gatini alikuja na mzigo wa mfungo: magunia ya ngano, sukari, tende, madebe ya mafuta, katoni za maziwa ya unga.

Tuliondoka saa tano na robo, abiria 34 na mizigo, nauli shilingi 500. Kaskazi ilikuwa ya mwisho mwisho, inapiga kwa mbele, lakini ndani ya mlango wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yalitulia na mikoko ikatukaribia pande zote mbili. Nilikaa karibu na tezi. Msaidizi wa nahodha, kijana asiyezidi miaka kumi na minane, alisimama omoni na upondo mrefu wenye alama za rangi nyekundu, akaupima maji, akanyanyua vidole vitatu, kisha viwili, kisha vitatu tena. Nahodha hakuuliza neno. Alipunguza mashine kwa vidole viwili na kuongeza kwa vitatu. Kwa dakika ishirini hivi hakuna aliyezungumza. Nilikunjua ramani yangu. Mahali tulipokuwa palionyeshwa kwa rangi ya buluu isiyo na alama yoyote.

Tulipotoka kwenye mkanda, bahari iliinuka na jua likawa kali. Yule mama wa mahamri, ambaye tulikutana tena gatini, alinipa leso nijifunike kichwa, nami sikukataa. Aliniambia kwamba mwaka uliotangulia jirani yake alisafiri kwenda Lamu kufuata barua ya mtoto ambayo ilihitaji sahihi moja. Alilipa boti ya kwenda, akakuta mhusika ametoka, akalala, akapata sahihi kesho yake, akakosa maji ya kurudi, akalala tena. Sahihi moja ilimchukua siku tatu. Nilimkumbuka fundi wa mabomba wa Mwihoko na barua yake mfukoni.

Tulifika Faza saa nane na nusu, maji yakiwa yamejaa hadi ngazi ya juu ya gati.

Kwa atakayesafiri baadaye: uliza saa za maji jioni iliyotangulia, usiulize saa za boti. Beba kofia au leso, maji ya kunywa, na mfuko wa plastiki wa simu na karatasi. Ramani yangu ililoa pembe moja na hadi leo ina doa la chumvi juu ya kisiwa cha Kiwayu. Fedha taslimu za siku mbili zinatosha. Faza haina hoteli za kitalii. Uliza nyumba inayopokea wageni, nawe utapelekwa. Mimi nililipa shilingi 1,000 pamoja na chakula cha usiku, nacho kilikuwa wali wa nazi na changu wa kupaka.

Siku ya tano, Ijumaa 8 Machi: Siyu na Faza

Lamu Mashariki ina wadi tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Ukizigawia watu 22,258 kwa usawa, kila moja inapata 7,419, yaani mwakilishi wa Ruiru anabeba watu zaidi ya mara sita ya mwenzake wa huku. Nilikuja nikidhani kwamba jambo la kuandika ni hilo, Ruiru dhidi ya Lamu Mashariki, na kwamba huku nitawakuta watu wanaotetea kilicho chao. Nilikosea, na aliyenionyesha kosa langu ni mzee mmoja wa Siyu.

Nilikwenda Siyu asubuhi kwa bodaboda, shilingi 400, kwenye njia ya mchanga inayopita katikati ya minazi na mashamba ya mihogo. Ngome ya Siyu imesimama kando ya hori, kuta zake nyeupe zikitazama maji yaliyokuwa yamepwa na kuacha matope matupu. Mzee huyo, ambaye ameshona viatu vya ngozi maisha yake yote kama babu zake, alinikaribisha barazani kwake, akaagiza kahawa, akaitazama ramani yangu kwa muda mrefu bila haraka. Kisha akaweka kidole juu ya kisiwa cha Pate.

"Hapa ndipo watu walipo," alisema. "Pate, Siyu, Tchundwa, Mbwajumwali, Faza, Kizingitini. Sote hawa ni mwakilishi mmoja. Basuba ana wake, Kiunga ana wake. Mimi simwonei choyo mtu wa Basuba, yule ana taabu zake kutushinda. Lakini mbona sisi tuliojaa kisiwa kizima tuhesabiwe kijiji kimoja?"

Nikamwambia kuhusu Ruiru. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza wadi moja ya huko huzungukwa kwa muda gani. Nilimwambia, kwa miguu, asubuhi moja. Akatikisa kichwa na kusema kwamba basi wale wana taabu ya wingi na hawa wana taabu ya masafa, na kwamba anayezipima kwa kipimo kimoja atamdhulumu mmoja wao. Pendekezo lake lilikuwa la wazi: Pate na Siyu ziwe wadi yao, vijiji vya kaskazini mwa kisiwa vibaki na yao. Watu wa magharibi ya kisiwa hushukia Mtangawanda, wana gati lao, wana hospitali wanayoifuata, na maji yao ya kujaa na kupwa hayafanani na ya Faza. Hivyo ndivyo Katiba inavyosema iliposema njia za mawasiliano na uhusiano wa jamii, isipokuwa yeye alivitaja kwa majina.

Nilirudi Faza kuwahi sala ya Ijumaa, na baada ya sala nilikaa na wazee na vijana kivulini karibu na msikiti. Sikubaliani na yote niliyoyasikia. Kijana mmoja alidai kwamba idadi ya watu isitazamwe kabisa, na nilimwambia waziwazi kwamba hilo siliwezi, kwa kuwa kura ya mama mboga wa Githurai haikuumbwa nyepesi kuliko ya mvuvi wa Kizingitini. Lakini kwenye baraza lile ndipo nilipopata jambo ambalo nimelishika tangu siku hiyo. Idadi ya maeneobunge, 290, imeandikwa ndani ya Katiba. Kuibadilisha ni kuibadilisha Katiba yenyewe, na kila unaloliongeza Ruiru ni lazima ulitoe mahali pengine. Idadi ya wadi haimo humo. Wadi 1,450 zimewekwa na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sheria ya kawaida ambayo Bunge linaweza kuirekebisha, na Kifungu cha 89 chenyewe kinaitaja tume kuwa na kazi ya kupitia idadi, majina na mipaka ya wadi. Ruiru inaweza kupata wadi zaidi bila Basuba kupoteza yake. Kisiwa cha Pate kinaweza kugawanywa bila Mwihoko kunyimwa. Tumewaacha watu wa sehemu hizi mbili waogopane kwa miaka mingi juu ya maeneobunge, wakati kwenye wadi hakuna sababu ya kuogopana.

Wazee waliniuliza kama gharama ya wawakilishi zaidi haitakuwa mzigo. Itakuwa, na kila kaunti italazimika kuibeba; silifichi. Nililiandika daftarini kama hoja ya kweli ambayo haina jibu rahisi.

Siku ya sita, Jumamosi 9 Machi: kurudi Lamu

Boti iliondoka Faza saa kumi na moja alfajiri, wakati maji yameanza tu kupwa. Giza lilikuwa bado zito na nyota zimejaa. Mwenyeji wangu alinisindikiza hadi gatini na tochi, akanitilia mkononi mkate wa sinia uliofungwa kwa gazeti.

Sikufika Basuba. Msitu wa Boni umekuwa uwanja wa operesheni za usalama tangu 2015, na mgeni hana haki ya kuwatwika wenyeji jukumu la usalama wake kwa ajili ya daftari. Lakini mjini Lamu nilikutana na kijana wa Kiaweer, jamii ya wenyeji wa msitu huo, kutoka Kiangwe, aliyekuja kutafuta vipuri vya mashine ya boti. Wadi yake ina vijiji vitano, Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe, na ndiyo sauti pekee ya kisiasa ambayo jamii yake ndogo inaweza kuichagua kwa wingi wake yenyewe. Alisoma darasa la tatu mwaka ambao shule za vijiji vyao zilifungwa kwa sababu ya mashambulizi, na akaendelea kwa ndugu mbali na nyumbani. "Wakiiunganisha Basuba na Faza," alisema, "hatutashinda kura hata siku moja. Nani atauliza habari ya shule yetu?" Aliyasema hayo kwa utulivu, akizipanga boliti alizonunua mezani, kubwa kwa ndogo.

Mji ulikuwa katika vunja jungu. Familia zilibeba masufuria ya biriani kwenda kula ufukweni kabla ya mfungo, na watoto walikimbia kwenye vichochoro na sahani za kaimati. Nilialikwa mara tatu na watu nisiowajua. Nilikubali mwaliko wa kwanza, na nikala mpaka nikashindwa kuinuka.

Kwa atakayesafiri baadaye: Ramadhani si wakati mbaya wa kusafiri Lamu, lakini migahawa mingi hufungwa mchana, na boti hupungua alasiri kwa sababu mabaharia wanawahi kufuturu.

Siku ya saba, Jumapili 10 Machi

Lamu hadi Mombasa kwa basi bila tatizo lolote, na kesho yake treni hadi Nairobi.

Baada ya safari

Makamishna walipoapishwa mwaka 2025, mzee wa Siyu alinipigia simu kabla sijampigia mimi. Hakuniuliza wadi zitaongezwa ngapi. Aliuliza kama tume, ikianza kupokea maoni, itakuja kisiwani Pate au itaketi Lamu mjini. Mwaka 2012, baada ya mipaka kutangazwa, kesi zaidi ya 100 zilipelekwa Mahakama Kuu, na mahakama ikabadilisha baadhi ya mipaka na majina. Wengi wa waliokwenda mahakamani walikuwa na la kusema ambalo lingeweza kusikilizwa mapema nyumbani kwao.

Muda ni mfupi. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na mabadiliko yoyote ya mipaka yasiyokamilika miezi kumi na miwili kabla yake hayatatumika katika uchaguzi huo. Hata kama kazi haitawahi 2027, vikao vya kusikiliza wananchi vitakuja, na Katiba inailazimisha tume kushauriana na wote wanaohusika.

Kwa hiyo nimeandika kurasa mbili za maoni na kuziweka tayari. Ya Ruiru yamechukua ukurasa mmoja: wadi zaidi, na kikao kimoja kifanywe Jumapili alasiri, wakati fundi wa mabomba hapotezi kibarua. Ukurasa wa pili nimeuandika kwa niaba ya mzee, kwa maneno aliyonisomea kwenye simu nami nikayarudia kwake mara mbili ili asahihishe. Ndani yake kuna hesabu yake ya kuhudhuria kikao kama kitafanyika Lamu mjini: boti ya kwenda 500, boti ya kurudi 500, bodaboda hadi gatini 400 na kurudi 400, malazi 1,000 kwa usiku mmoja, au usiku wa pili kama maji hayatakubali. Jumla ni shilingi 2,800, kabla ya chakula. Chini yake aliomba niongeze kwamba baraza la Siyu lina nafasi ya watu mia mbili, na kwamba gati la Mtangawanda linapokea boti.